Mapafu Husikilizwa Mgongoni: Jibu kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Aliyeko Lamu

Swali: "Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, niko wodini hapa Lamu kwa mafunzo ya vitendo. Juma lililopita nilimpokea mzee kutoka Matondoni aliyekuwa na kikohozi, na wanawe walisema tangu asubuhi alikuwa akichanganya maneno. Hakuwa na homa. Nilihesabu pumzi zake nikaandika 18, kama nilivyoandika kwa wagonjwa wengine wa siku hiyo, nikamsikiliza kifuani akiwa amelala chali na fulana yake mwilini, kisha nikaandika 'mapafu safi'. Kesho yake eksirei ilionyesha nimonia sehemu ya chini ya pafu la kulia. Mkuu wa wodi hakunigombeza, lakini tangu siku hiyo siyaamini masikio yangu. Je, shida ni stethoskopu yangu ya bei nafuu? Wenzangu wananishauri ninunue ya bei kubwa. Tena wagonjwa wa kike waliovaa mabuibui huona haya, nami huona haya kuwaomba wajifunue, kwa hiyo huwasikiliza juu ya nguo. Nifanyeje?"

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, moja la masikio na moja la haya, na utaona mbele kwamba yote mawili yana dawa moja. Kwanza nikuondolee hofu: katika maelezo yako sioni dalili yoyote kwamba masikio yako yana kasoro, na stethoskopu ya bei kubwa ingekaa pale ulipoiweka ile ya bei nafuu isingekuambia zaidi. Uliiweka mahali ambapo ugonjwa haukuwapo. Nimonia ya mzee yule ilikuwa sehemu ya chini ya pafu la kulia, na sehemu hiyo, kwa kiasi chake kikubwa, iko mgongoni.

Wanafunzi wengi huingia wodini wakiwa na mchoro mmoja tu wa mapafu kichwani, ule wa kitabuni unaoonyesha mtu akitazamwa kwa mbele. Pafu la kulia lina lobu tatu (yaani vipande vikubwa vya pafu): ya juu, ya kati na ya chini. La kushoto lina mbili. Mchoro huzionyesha zikiwa zimekaa moja juu ya nyingine, na hapo ndipo fikra hupotoka, kwa sababu mpaka unaoitenga lobu ya juu na ya chini haulikati pafu kwa usawa. Huanzia juu sana mgongoni, karibu na pingili ya 3 ya uti wa mgongo kwenye kifua, huteremka mshazari ukizunguka ubavuni chini ya kwapa, na hufika mbele kwenye ubavu wa 6, katika mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Upande wa kulia kuna mpaka wa pili, unaofuata ubavu wa 4 kutoka kwenye kidari hadi ukutane na ule wa kwanza ubavuni, na baina ya mipaka hiyo miwili ndipo ilipo lobu ya kati.

Ukiufuata mpaka huo wa mshazari kwa kidole chako utaona matokeo yake. Anayesikiliza mbele husikia karibu lobu za juu peke yake, na upande wa kulia husikia pia lobu ya kati. Anayesikiliza mgongoni husikia lobu ya juu kwenye eneo dogo tu karibu na mabega, na kuanzia hapo kuteremka hadi mwisho wa pafu ni lobu ya chini. Mgonjwa anayelala chali, ambaye makohozi, matapishi au chakula kilichopalia huvutwa upande wa godoro, mara nyingi huugua nyuma. Anayepaliwa akiwa ameketi mara nyingi huumia chini kulia, kwa sababu mrija mkuu wa hewa unaoingia pafu la kulia ni mpana zaidi, ni mfupi zaidi, na umesimama wima zaidi kuliko wa kushoto. Kwa njia zote hizo mbili mgongo ndio wenye habari, nao ndio unaoachwa bila kuguswa, kwa kuwa mgonjwa amelala juu yake.

Fanya zoezi hili na mwenzako bwenini kabla ya kumrudia mgonjwa yeyote. Mwambie aketi akupe mgongo, aweke mikono juu ya kichwa. Makombe ya mabega yatazunguka na kwenda nje, na ukingo wa ndani wa kila kombe utalala karibu sawasawa na mpaka ule wa mshazari. Kisha ashushe mikono, nawe utafute kwa kidole ncha ya chini ya kombe la bega: hapo kwa kawaida ni usawa wa ubavu wa 7. Hesabu mbavu tatu kwenda chini na utakuwa umefika ukingo wa chini wa pafu kwa mtu anayepumua kwa utulivu, karibu na ubavu wa 10. Akivuta pumzi kwa nguvu pafu litashuka zaidi ya hapo. Mbele ukingo huo uko kwenye ubavu wa 6, na chini ya kwapa uko kwenye ubavu wa 8. Ili kuzihesabu mbavu za mbele, teremsha kidole kutoka kwenye kibonde cha shingo juu ya kidari hadi ukute tuta dogo la mfupa lililokaa kwa kukingama. Ubavu unaoshikana na tuta hilo ni wa 2. Usiusahau pia upeo wa juu, kwani ncha ya pafu huchomoza juu ya mtulinga kwa sentimita 2 hadi 4, na kwa kuwa kifua kikuu cha watu wazima hupenda sehemu za juu za mapafu, eneo hilo dogo lastahili kusikilizwa kila mara.

Sasa nieleze sauti zenyewe zinatoka wapi, maana kuna dhana iliyoenea kwamba tunachokisikia ni hewa ikiingia katika vifuko vidogo vya pafu. Sivyo. Hewa inapofika kwenye vifuko hivyo huwa imepungua kasi mno kuweza kutoa sauti. Sauti huzaliwa katika mirija mikubwa, ambako hewa hupita kwa kasi na kuvurugika, kisha husafiri kupitia pafu hadi kwenye ngozi. Pafu lenye afya limejaa hewa, na hewa hiyo huzimeza sauti nyembamba na kupitisha nzito, ndiyo maana pumzi ya kawaida mgongoni ni laini, ya chini, na kuvuta pumzi husikika kwa muda mrefu kuliko kuitoa. Nimonia inapokijaza kipande cha pafu kwa majimaji na usaha, kipande hicho huwa kigumu, na kitu kigumu hupitisha sauti nyembamba vizuri zaidi. Hapo utasikia pumzi kali, yenye uwazi, ambayo kutoka kwake ni kurefu sawa na kuingia kwake au zaidi. Weka stethoskopu kooni mwako mwenyewe, kando ya kikoromeo, uvute pumzi: sauti hiyo ni ya kawaida pale kooni, lakini ukiisikia chini ya kombe la bega la mgonjwa, simama hapo na ufikiri. Maji yakijikusanya nje ya pafu, baina ya tando mbili zinazolizunguka, mambo hugeuka: sauti hupungua au hupotea kabisa, na ukigongagonga kwa vidole utakuta pamekuwa pazito, pasipo mwangwi.

Sauti za kutatarika ni jambo jingine. Hizo hutokea mirija midogo iliyojifunga inapofunguka ghafla wakati wa kuvuta pumzi, na ukizisugua nywele zako baina ya vidole viwili kando ya sikio utapata kitu kinachofanana nazo sana. Mgonjwa mzee aliyelala kwa muda mrefu anaweza kuwa nazo chini ya mapafu yote mawili bila ya kuwa na nimonia, kwa sababu sehemu hizo hazijapata hewa ya kutosha. Mwambie akohoe, kisha avute pumzi ndefu kadhaa, umsikilize tena. Zikitoweka, ziandike kuwa zilitoweka. Zikibaki, hasa upande mmoja tu, mwite mkubwa wako.

Nguo huharibu kazi hii kwa njia mbili. Fulana inayosuguana na stethoskopu hutoa mikwaruzo inayoweza kudhaniwa kuwa ni ugonjwa, na kitambaa kizito huzimeza zile sauti laini ambazo ndizo tunazozitafuta. Kwa hiyo sheria ni ngozi tupu, wala sitailegeza. Lakini kusema ngozi tupu si kusema mgonjwa avuliwe nguo, na hapa ndipo mambo yako mawili yanapokutana, kwa sababu mgongo ambao anatomia inautaka ndio huo huo ambao adabu inaweza kuuruhusu bila taabu. Ukimsikiliza mama mbele, utalazimika kushughulika na kifua chake. Ukimsikiliza nyuma, mbele yote hubaki imefunikwa.

Namna ya kufanya ni hii. Vuta pazia, hakikisha mlango umefungwa, na kama mgonjwa ni wa kike na wewe ni wa kiume, awepo muuguzi wa kike au jamaa yake wa kike. Kwa kuwa hukuniambia kama wewe ni mwanamke au mwanamume, nakuandikia yote. Mwamkie kwa heshima ya umri wake, useme unachotaka kabla ya mkono wako kusogea: "Bibi, naomba ruhusa nisikilize mapafu yako kwa mgongoni. Kifua hutakifunua, na shungi halitavuliwa." Mpe leso aishike kifuani kwa mikono yake mwenyewe. Aketi ukingoni mwa kitanda, ainame mbele kidogo, na mikono aipitanishe juu ya leso hiyo, kila mkono ukalishike bega la upande wa pili, ili makombe ya mabega yaachane. Buibui likiwa la kufungua mbele atalishusha nyuma tu. Likiwa la kuvaa kichwani, utapitisha stethoskopu ndani yake kutoka shingoni au kutoka kiunoni, mkono wako ukiwa umeyafuata maungo uliyoyajua kabla. Pasha stethoskopu joto kiganjani kwanza. Nimewaona kina bibi wakikataa katakata kufunguliwa kifua, na bibi hao hao wakaugeuza mgongo wenyewe mara walipoelezwa.

Tena ujue kwamba chombo hicho kimetokana na haya hiyo hiyo inayokusumbua. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec alimpokea msichana aliyekuwa na dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya siku hizo ilikuwa ni kulaza sikio juu ya kifua cha mgonjwa, naye akaona kwamba kwa umri wa msichana yule na kwa kuwa ni mwanamke, jambo hilo halifai. Akazikunja karatasi zikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni, akasikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia. Miaka mitatu baadaye alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa kazi tunayoifanya leo.

Turudi kwenye kusikiliza. Mgonjwa akipumua kwa mdomo, polepole na kwa kina, wewe anzia juu, uende kulia na kushoto kwa usawa mmoja kabla ya kuteremka, kwa sababu pafu la upande wa pili ndilo kipimo chako bora kuliko kumbukumbu yoyote ya darasani. Usiweke stethoskopu juu ya kombe la bega, maana mfupa hautakupa kitu. Kila mahali sikiliza pumzi moja kamili, kuingia na kutoka. Malizia chini ya makwapa, ambako hukumbukwa na wachache. Mgonjwa akisema kichwa kinazunguka, mpumzishe. Pumzi nyingi za kina mfululizo huleta hali hiyo. Mgonjwa asiyeweza kuketi, mwombe mwenzako mumgeuze ubavu mmoja, kisha wa pili. Feni izimwe kwa dakika chache na dirisha la upande wa baharini lifungwe, kwani mvumo wa injini za boti una sauti nzito inayofanana mno na pumzi ya kawaida.

Nataka kukaa kidogo kwenye ile 18 uliyoiandika, kwa sababu kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko stethoskopu. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima aliyetulia ni pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, na kwa sababu kila mtu anajua hivyo, karatasi za wodini hujaa 18 na 20 za wagonjwa ambao hakuna aliyewahesabu kwa dakika nzima. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, mwenye kikohozi na asiye na homa, ni mzee wa kushukiwa nimonia, kwa kuwa mwili uliozeeka mara nyingi hushindwa kupandisha joto, na kuchanganyikiwa huwa ndiyo dalili ya kwanza kuonekana. Kwa mtu kama huyo, kupumua haraka kunaweza kutangulia sauti yoyote ya kusikilizwa. Mshike kifundo cha mkono unavyomshika anayepimwa mapigo ya moyo, ili asijue kwamba unazihesabu pumzi zake akazibadilisha, na utazame kifua au tumbo likipanda kwa sekunde 60 kamili. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ya kupumua haraka: pumzi 60 au zaidi kwa mchanga wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, si akilia.

Kipima oksijeni cha kidoleni ni msaada mkubwa, ila nacho kina masharti yake. Mkono wenye baridi hukipotosha, na piko nyeusi (rangi ya kujipambia) kwenye kucha au vidole vya bibi harusi inaweza kuzuia mwanga usipenye, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa au tumia ndewe ya sikio kama kipimo chenu kinaruhusu. Utafiti umeonyesha pia kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kipimo hiki wakati mwingine huonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Usitegemee namba peke yake huku mgonjwa anahema mbele yako. Ulimi na ndani ya midomo ndiyo mahali pa kutazama kama rangi imegeuka kuwa ya buluu, wala si kucha.

Utaratibu mzima wa kifua ni kutazama, kupapasa, kugongagonga, kisha kusikiliza. Tumboni tu ndiko kusikiliza hutangulia kugusa, kwa kuwa kubonyeza kunaweza kubadilisha sauti za matumbo.

Hata ukifanya yote haya kwa ukamilifu, yako mapafu yenye nimonia ambayo hayatatoa sauti yoyote isiyo ya kawaida, na daktari bingwa naye atayasikia kama uliyoyasikia wewe. Stethoskopu inaweza kuonyesha ugonjwa uliopo, lakini haina uwezo wa kuapa kwamba haupo. Kwa sababu hiyo nakusihi uliache kabisa neno "mapafu safi". Andika ulichokisikia na mahali ulipokisikia: "Pumzi zasikika sawa pande zote mbili mbele na nyuma, hakuna sauti za ziada." Na kama mgongo hukuusikiliza, andika kwamba haukusikilizwa na sababu yake. Maandishi ya namna hiyo yangemwambia muuguzi wa zamu ya usiku kwamba kuna kazi iliyobaki, ilhali maneno mawili uliyoyaandika yalimwambia kwamba imekwisha.

Kuhusu kununua stethoskopu mpya, sioni haja kwa sasa. Kagua iliyopo: mpira usiwe na ufa, upande bapa usiwe umelegea, na vipande vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua, vinapoingia. Sauti za mapafu husikilizwa kwa upande mpana wa bapa. Fedha ikipatikana baadaye, ya bei ya wastani itakutosha.

Ziko hali ambazo hutakiwi kuendelea kusikiliza, bali kuita msaada papo hapo: mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ulimi wa buluu, oksijeni chini ya asilimia 90, fahamu zinazofifia, mtoto ambaye sehemu ya chini ya kifua chake huingia ndani anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyepata degedege. Ukiwa siku za usoni umepangiwa zahanati ya visiwani, kama huko Pate, kumbuka kwamba safari ya mgonjwa hufuata maji. Uliza mapema maji yajaa saa ngapi, na umjulishe mkubwa wako wakati mgonjwa bado ana nguvu za kuketi kwenye boti, kwani uamuzi ukichelewa saa moja na maji yakatoka, unaweza kuwa umechelewa saa kadhaa.

Mwombe mkuu wa wodi, ambaye kwa ulivyomweleza anaonekana kuwa mtu anayeweza kukufundisha kwa upole, msikilize mgonjwa mmoja pamoja, kila mmoja aandike alichosikia kabla ya kuzungumza. Mfanye hivyo kwa wagonjwa kadhaa, wenye afya wakiwemo, maana asiyejua sauti ya kawaida hawezi kuitambua iliyoharibika. Ikiwa baada ya hapo, mkiwa mahali palipo kimya na mkisikiliza sehemu ile ile, yeye anasikia na wewe husikii, basi nenda kwenye kliniki ya masikio ukapimwe. Mara nyingine ni nta tu iliyojaa na huondolewa siku hiyo hiyo. Usijichokoe kwa kijiti. Na ikionekana kwamba kweli usikivu umepungua, ziko stethoskopu za kielektroniki zinazokuza sauti, na wapo wauguzi wanaofanya kazi nazo vizuri miaka na miaka.